Finjani sita kwenye sinia

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa mtaani kapunguzwa kazi. Kaja barazani kakaa kimya, mara atazame simu mara atazame njia, na mie nikimtazama ni kama najiona mwenyewe mwaka 2020. Siku ile sikumwambia mengi, mtu aliyeumia hataki hotuba, lakini usiku nikalala nikifikiria yale niliyopitia na makosa niliyoyafanya na pesa zilizonipotea na vile vijidesturi vidogo vya kila siku vilivyonisimamisha tena, nikaona bora niandike yote, asome yeye na asome mwengine yeyote ambaye siku zake zimekuwa kama uji, hazijulikani zinapoanzia wala zinapoishia.

Kazi yangu mie ni jikoni. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa Kiwengwa, napika mayai ya wageni asubuhi. Naamka saa tisa usiku, saa kumi na nusu basi la wafanyakazi linatupitia Michenzani mjini, tukifika tunasali alfajiri halafu kila mtu na sehemu yake. Kabla mgeni wa kwanza hajatokea nilikuwa na mambo yangu, nafuta kikaango kwa chumvi na kitambaa kikavu, nakunja taulo mara tatu naliweka kushoto, napanga bakuli za vitunguu na nyanya na pilipili boga kwa mstari, kisha navunja yai moja nalikaanga nalila mwenyewe nimesimama, natazama bahari inavyoanza kupata rangi. Dakika kumi tu. Hakuna aliyenifundisha wala aliyeniagiza, na sikuwahi kukaa nikasema hiki ni kitu. Nilidhani ndo kazi tu, kumbe zile dakika kumi ndo zilikuwa zinanishika siku nzima.

Wageni wetu wengi walikuwa Waitaliano. Tarehe 9 Machi 2020 Italia ikatangaza kuifunga nchi nzima kwa ajili ya korona, tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa Tanzania, kule Arusha, na mwezi wa nne ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa kabisa. Hoteli ilikuwa ishaanza kuwa tupu hata kabla ya hapo. Tukaitwa ukumbini, tukaambiwa likizo bila malipo, mkikaa vizuri mtapigiwa simu. Nikarudi nyumbani na mfuko wa plastiki ndani yake viatu vya kazi na taulo mbili.

Wiki ya kwanza niliiona kama mapumziko, sikufichi, nikalala mpaka saa nne, mke wangu akanipikia, watoto wakafurahi baba yupo. Wiki ya pili kulala kukahamia saa sita. Simu haikutoka mkononi, nafungua macho naishika, nasoma habari za maradhi, nani kafa wapi, mara video, mara makundi ya WhatsApp, nakuja kushtuka adhuhuri inaadhiniwa na sijaosha hata uso. Bando la elfu moja kila siku, siku nyengine mara mbili, na hiyo ni pesa ya mtu asiyeingiza hata senti. Usiku sasa usingizi hauji. Nakaa ukumbini gizani mpaka saa nane, saa tisa, ile saa niliyozoea kuamkia ndo nalala. Nilipungua nguo zikanivaa, na hasira zikawa karibu sana, neno dogo tu nimewaka.

Hapo nikafanya kosa langu la kwanza kubwa, na naomba mdogo wangu ulisome hili vizuri. Nilikaa siku moja nikasema basi, naanza maisha mapya. Nikachukua karatasi nikapanga ratiba kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku, kukimbia, kujifunza Kiitaliano, kusoma, kusaidia watoto masomo maana skuli zilifungwa, kulima kabustani, kila kitu kina saa yake. Nikanunua raba za kukimbilia, nikalipia masomo ya mtandaoni, jumla kama elfu themanini na tano zikatoka kwenye akiba ambayo ilikuwa ya kula. Ratiba ile iliishi siku nne. Siku ya tano niliamka nimechoka nikaruka mbio, na kwa kuwa nimeruka mbio nikaona Kiitaliano nacho cha nini, na jioni yake nikaichana ile karatasi. Kilichouma si pesa peke yake, ni kuwa sasa nilikuwa na ushahidi kuwa sifai hata kwa mambo yangu mwenyewe. Mtu ambaye siku zake zimevunjika ukimtwisha ratiba ya masaa kumi na saba hubebi mzigo wake, unamwongezea.

Halafu ikaingia Ramadhani, mwishoni mwa mwezi wa nne. Na hapa kuna jambo sikulielewa mpaka baadae sana. Ule mwezi mzima nilikuwa mtu. Naamka daku, nasali, mchana nasaidia kukuna nazi, alasiri nawasha makaa, magharibi tunafutari, usiku tarawehe. Hali ilikuwa ile ile, pesa hamna, kazi hamna, lakini kifua kilikuwa chepesi. Mke wangu mwenyewe alisema, "Mume wangu umerudi." Tukasherehekea Idd tarehe 24 Mei kwa kidogo tulichonacho, nikafunga na zile siku sita za sunna baada ya Idd, na zile sita zilipomalizika tu nikaanguka tena, safari hii vibaya zaidi. Ndo wakati tuliouza bangili ya mke wangu. Aliivua mwenyewe akaniwekea kiganjani bila kusema neno na mie nikaenda nayo sokoni Darajani, na nilivyorudi sikuweza kumtazama. Ndo wakati pia nilioanza sigara, moja moja za dukani, najipa sababu kuwa ni kijidesturi changu cha jioni, kinanituliza. Hakikuwa kijidesturi. Nitakuja kusema tofauti yake.

Mtaani kwetu kuna mzee anauza kahawa, sote tunamwita Ami. Dele lake, lile birika la kahawa, na mkaa chini yake, finjani zake anazigonganisha mkononi, mlio ule watu wa hapa wote wanaujua. Mwezi wa sita, asubuhi moja kanikuta barazani nimekaa na macho mekundu sijalala. Akamimina finjani akanipa, nikamwambia Ami sina kitu, akasema sijakudai. Akakaa. Tukanyamaza muda. Kisha akasema, "Mwanangu, siku yako haina mlango. Unaingia popote unatoka popote." Sikumjibu. Akaniuliza jioni huwa nafanya nini cha mwisho kabla ya kulala, nikafikiri weee, nikakosa cha kumwambia. Asubuhi nafanya nini cha kwanza, nikasema nashika simu. Akaondoka.

Alasiri akarudi na finjani sita za zamani, nyeupe zenye mstari mwekundu, mbili zimebanguka midomo, na buni mbichi robo kilo kwenye mfuko wa karatasi. Akasema usiku kabla hujalala uzioshe hizi, uzipindue kwenye sinia, uzifunike na kitambaa. Nikamuuliza hata kama sijazitumia? Akasema hata kama hujazitumia. Asubuhi baada ya sala uchemshe kahawa, ukae mlangoni, atakayepita umpe. Basi, hakuna ratiba, hakuna cha zaidi.

Ile buni niliikaanga jioni ile ile. Nikawasha seredani, jiko la makaa, uani, nikaweka chungu kikavu bila mafuta, nikatia buni na kuanza kukoroga na mwiko. Mwanzo hamna kitu, inanukia kama majani tu, mkono unachoka. Halafu rangi inaanza kugeuka, kijani kinakuwa manjano, manjano inakuwa ya udongo, na ghafla zinaanza kupasuka, pa, pa, moshi unapanda na ile harufu yenyewe inatoka, na hapo huwezi kuondoa jicho kwa sababu ukizubaa kidogo tu imeungua na kahawa yote itakuwa jivu mdomoni. Ikipata weusi wenye kung'aa unaimwaga kwenye sinia unaipepea, yale makapi membamba yanaruka. Nilikaa pale robo saa nzima na zaidi, na nilipomaliza nikagundua simu ipo ndani na sikuikumbuka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nikatwanga kwenye kinu na kipande cha tangawizi kavu na iliki mbili, na mlio wa kinu ukawatoa watoto nje kuja kuona baba anafanya nini.

Usiku nikaziosha zile finjani. Safi kabisa, hazijaguswa, nikaziosha hivyo hivyo. Nikazipindua sita, tatu tatu, nikafunika kitambaa. Najua kuna atakayesema hii ni kazi bure, na mie usiku ule nilikuwa na wasiwasi huo huo, lakini nilipozima taa nilihisi siku imefungwa. Sikulala haraka, ukweli, ila sikurudi ukumbini.

Kuanzia hapo nikaendelea. Sitawadanganya kuwa kila kitu kikanyooka, maana hakikunyooka. Kazi haikurudi kwa sababu ya kahawa. Ndege zilifunguliwa tangu 18 Mei lakini wageni wakaja kwa kudondoka mmoja mmoja. Kilichobadilika ni kuwa nilikuwa na saa mbili za siku ambazo nazimiliki mie, asubuhi ya mlangoni na usiku wa sinia, na katikati yake mambo yakaanza kujipanga yenyewe bila kulazimishwa. Kwa kuwa nakaa mlangoni asubuhi nikaonana na watu. Jirani mmoja fundi seremala alikuwa anapita kila siku, anakunywa moja anaenda zake, na mwezi wa nane huyo huyo kanitafutia kibarua cha kupikia mafundi chakula cha mchana, elfu kumi kwa siku. Ningekuwa nimelala saa ile asingenikumbuka.

Lile la sigara sasa. Nilikuwa nakaa najiuliza, sigara ya jioni na finjani ya asubuhi zina tofauti gani, zote nazirudia kila siku, zote zinanituliza. Nikaja kuona sigara inanidai. Nikiikosa nakasirika, na kesho inataka mbili. Finjani hazinidai, mie ndo naziendea. Pia sigara nilikuwa naivutia kichochoroni nijifiche, na kahawa nanywea mlangoni. Niliiacha mwezi wa tisa na haikuwa rahisi, nilirudia mara mbili. Kwa hiyo ukiwa unachagua cha kushika, jiulize kwanza kama unaweza kukifanya mbele ya mama yako.

Na nisieleweke vibaya, sala ni sala, ni ibada na ina mwenyewe, siichanganyi na hivi vijimambo vyangu. Ninachosema ni kuwa mie nilikiegemeza kijidesturi changu kwenye kitu ambacho tayari kipo na hakiondoki. Baada ya alfajiri, kahawa. Baada ya kufunga mlango wa nje, finjani. Sikuhitaji kukumbuka wala kutega saa. Wewe kama si Muislamu au husali alfajiri, una kitu chengine, kupiga mswaki, kufungulia kuku, kumpeleka mtoto skuli, chochote, kining'inize hapo hapo.

Watu wanapenda kusema tabia inakaa kwa siku 21. Baadae nilisoma kuhusu watafiti wa chuo cha University College London ambao waliwafuatilia watu 96, kila mmoja kachagua jambo dogo la kufanya kila siku baada ya kitu fulani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Wastani wa jambo kuwa la kawaida ulikuwa siku 66, kuna aliyechukua 18 tu na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Na waliona kuwa kuruka siku moja hakuharibu kitu. Ningeyajua haya ile siku ya tano ya ratiba yangu nisingeichana karatasi, maana nilidhani nimeruka siku moja basi nimeshindwa maisha.

Lakini kuna kosa jengine lilinikuta mbele, na hili linaniuma kuliko la pesa. Ilikuwa mwaka 2021, mama yangu kafariki. Mama alikuwa kila magharibi anafukiza ubani nyumba nzima, anaanzia ukumbini, anaingia vyumba vyote na chetezo chake cha udongo, anamalizia mlangoni. Nikakichukua chetezo nikawa nafukiza mie, na mwanzo ilinisaidia, kulia nalia huku moshi unapanda na hakuna anayeniuliza macho yana nini. Ila polepole vile vijidesturi vikaanza kugeuka. Nikawa nikichelewa kufukiza moyo unanienda mbio, kama kuna baya litatokea. Finjani zikawa hakuna ruhusa mtu kuzigusa. Ikafika siku binti yangu mkubwa, miaka tisa wakati ule, kachukua finjani moja kawachezea wenzake mkahawa uani, ikamponyoka ikavunjika. Nilimpigia makelele ambayo sijawahi kumpigia mtoto. Kwa kikombe. Akakimbilia chini ya kitanda akakataa kutoka, na mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Hizi finjani ulipewa ukae nazo mlangoni uwape watu, leo mwanao anazikimbia."

Nilikwenda nikalala sakafuni pembeni ya kile kitanda mpaka akatoka. Nikamuomba radhi. Siku tatu zilizofuata sikufukiza na sikuosha finjani, kwa makusudi, nikitaka kuona kama nitakufa, na sikufa, na nyumba haikuanguka. Siku ya nne nikamwambia yeye anisaidie. Sasa yeye anapanga, mie naosha. Anazipanga ovyo, nyengine zimetazama juu, na nimejifunza kuziacha hivyo hivyo.

Hoteli walinipigia simu mwishoni mwa mwaka ule ule. Nikarudi kwenye mayai yangu, na hapa pia kuna la kusema, kwa sababu saa tisa usiku huwezi kukaa mlangoni kugawa kahawa. Nilihangaika mwezi mzima nikijaribu kulazimisha. Mwisho nikakubali, siku za zamu kahawa inahamia jioni baada ya isha, siku za mapumziko inarudi asubuhi, na Ramadhani inakuwa baada ya tarawehe. Sinia la usiku halikuhama. Kikibaki kimoja kilichosimama pale pale, vyengine vinaweza kuzunguka. Na ile asubuhi ya kwanza kazini, nilipokunja taulo mara tatu nikaliweka kushoto, machozi yalinitoka, mwenzangu wa upande wa matunda akadhani kitunguu.

Gharama mkitaka kujua, buni robo kilo kwangu inakwenda wiki mbili ikiwa wageni wa mlangoni si wengi, makaa kidogo, tangawizi na iliki za kawaida za nyumbani. Haifiki hata pesa ya bando niliyokuwa naichoma kwa wiki moja. Usinunue vitu vipya vya kuanzia. Anza na kilichomo ndani, hata kama ni kukunja mkeka na kufagia kizingiti. Usimtangazie mtu pia, mie ile ratiba yangu nilishaipiga picha nikaituma kwa watu, na ilipokufa nikawa naona haya mara mbili. Hii ya finjani, kahawa watu walikunywa, lakini mwanzoni hakuna aliyejua ni ya nini zaidi ya mke wangu na Ami. Simu iache chumba chengine, hili sina mjadala nalo, ukiwa nayo mkononi kahawa unaimeza tu huijui ladha yake.

Ami bado yupo, miguu inamsumbua, hazunguki tena mbali, anakaa pale kona na dele lake na wateja wanamfuata. Ijumaa humpelekea buni niliyoikaanga mie. Huitia mkononi, huinusa, mara nyingi husema umeitoa mapema.

Ile finjani iliyovunjika tulikwenda na binti yangu Darajani kutafuta ya kufanana nayo, hatukupata, akachagua moja yenye mstari wa kijani, ndogo kidogo kuliko wenzake. Ipo kwenye sinia mpaka leo na hiyo ndo anayopewa mgeni. Mdogo wangu nimeshamwambia kesho aje saa kumi na mbili asubuhi, kesho sina zamu. Aje na tangawizi, kwangu imekwisha.